Alikataa boga la nazi la bibi yake, akaomba pai ya boga

Mume wa mama yangu ana miaka sita na anaishi Ohio, Marekani. Msomaji usishtuke. Ni mjukuu wake, mtoto wa kwanza wa dada yangu, na kama walivyo bibi wengi, mama amemwita "mume wangu" tangu siku aliyozaliwa. Mwezi wa sita walipofika Morogoro kwa likizo, mume huyo aliandaliwa chakula ambacho mama huwapikia watu anaowapenda: boga la nazi lenye tui zito na hiliki kidogo, limepikwa mpaka tui limeshika kwenye vipande.

Mtoto alilitazama, akalinusa, akasukuma sahani.

"Hiki kina rangi mbaya," alisema.

Mama hakujibu kitu. Alichukua sahani akairudisha jikoni, na sisi tunaomjua tulielewa kuwa ameumia.

Siku zilizofuata hali haikuwa nzuri. Mtoto alikula chipsi, mkate mweupe na juisi ya boksi, basi. Siku ya nane alikuwa hajapata choo kwa siku nne na alipoingia chooni tulimsikia akilia. Dada yangu alianza kuniuliza habari za dawa, kwa kuwa mimi ndiye naandika habari za afya kwenye familia, kana kwamba kuandika kunanifanya daktari. Katikati ya mazungumzo hayo mtoto akasema kuna kitu kimoja angekula: ile pai wanayokula kwao mwezi wa kumi na moja.

"Pai ya nini?" mama akauliza.

"Ya boga, mama," dada akajibu kwa aibu. "Anataka pai ya boga."

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Pai yenyewe ni kitu gani

Kwa Wamarekani, pai ya boga ni kama pilau ya sikukuu kwetu. Huliwa hasa siku ya Thanksgiving, ambayo kwa sheria ya mwaka 1941 huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Ni ganda la unga wa ngano na siagi, ndani yake boga lililopondwa likachanganywa na mayai, maziwa, sukari na viungo, kisha likaokwa mpaka likashikana.

Siku hizi wengi wao hawaanzi na boga. Wanaanza na kopo. Kampuni ya Libby's imekuwa ikichapisha maelekezo ya pai kwenye lebo ya kopo lake tangu mwaka 1950, na maelekezo hayo ndiyo dada yangu aliyoyakariri. Makopo ya aina hiyo nimewahi kuyaona kwenye supamaketi moja Dar es Salaam. Bei ya kopo moja la gramu 425 ingenunua maboga mazima kadhaa sokoni Morogoro, nikalirudisha kwenye rafu.

Lakini dada alikuwa na wasiwasi na boga bichi. Mwaka wake wa kwanza huko alinunua lile boga kubwa la rangi ya chungwa ambalo Wamarekani hulichonga macho na mdomo mwishoni mwa Oktoba, akalipika, na pai ikatoka na nyuzinyuzi na maji. Baadaye ndipo alipoambiwa kuwa maboga yale hulimwa kwa ajili ya kuchongwa, na nyama yake si tamu. Boga la kwenye kopo la Libby's ni la aina nyingine, lenye ganda la rangi ya kahawia iliyopauka, na ni la jamii moja na mengi ya maboga yanayolimwa Afrika Mashariki, yale ambayo baadhi yake huwa na shingo. Kwa maneno mengine, boga ambalo mama analo jikoni liko karibu zaidi na lile la kwenye kopo kuliko lile kubwa lililomdanganya dada yangu.

Kulichagua

Mwezi wa sita na wa saba maboga huwa mengi, kwa sababu wakulima wengi huyapanda katikati ya mahindi. Mama hachagui kwa rangi ya nje. Hulinyanyua kwanza aone kama ni zito kuliko linavyoonekana, akaangalia kikonyo kama kimekauka, akabonyeza ganda kwa ukucha. Ukucha ukiingia, boga hilo halijakomaa. Mwisho humuuliza muuzaji swali moja tu: "Hili la unga au la maji?" Ukiuziwa kipande unakuwa na faida ya kuona nyama ya ndani, ambayo iwe ya rangi ya chungwa iliyokolea, lakini usichukue kipande kilichoshinda wazi juani na nzi juu yake.

Jambo moja la kiafya hapa, nalo wengi hawalijui. Onja kipande kidogo kabla ya kupika. Boga likiwa chungu, uchungu hasa wa kukunja uso, lile lote litupwe. Mimea ya jamii ya maboga huweza kutengeneza kemikali chungu ambazo huleta maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara, na kupika hakuziondoi. Ni nadra, lakini usijaribu kulifunika kwa sukari ukampa mtoto.

Pai ya kwanza iliharibika, na kosa lilikuwa langu. Nilimenya boga, nikalikata vipande, nikatia maji nikachemsha kama ninavyofanya siku zote. Likaiva vizuri, nikaliponda, nikachanganya na vitu vingine, nikaoka. Baada ya saa nzima katikati bado kulikuwa na uji, na ganda la chini limelowa kama mkate uliodondokea kwenye chai. Mtoto alikuja kuangalia, akasema kwa upole, "Hii si pai, mama mdogo."

Tatizo ni maji. Zaidi ya asilimia 90 ya boga bichi ni maji, na ukilichemsha unaliongezea mengine. Kwa futari haina neno, maana unataka mchuzi. Kwa pai, mayai mawili hayawezi kushikilia maji yote hayo.

Mara ya pili mama alisimamia. Hakumenya. Alitoa mbegu, akakata vipande vikubwa pamoja na ganda lake, akavipanga kwenye sufuria juu ya vikonyo vya majani ya mgomba, maji kidogo chini yasiyogusa boga, akafunika. Boga likaivia mvuke. Mwenye oveni anaweza kulikata nusu mbili, akaziweka kifudifudi kwenye trei na kuzioka kwa nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika 45 hadi saa nzima, nadhani hata ladha inakuwa nzuri zaidi kwa sababu sukari ya boga inaungua kidogo pembeni.

Likipoa, nyama hukwanguliwa kwa kijiko, ikapondwa mpaka ikawa laini, ikafungwa kwenye kitambaa safi cha kuchujia tui na kuning'inizwa juu ya bakuli kwa saa moja. Utashangaa maji yanayotoka. Usiyamwage, yatie kwenye uji. Kisha tulirudisha boga kwenye sufuria kavu, moto mdogo, tukakoroga kama dakika kumi mpaka mwiko ukipita unaacha njia nyuma yake. Kipande cha karibu kilo moja na nusu kilitupa vikombe viwili visivyojaa sana, yaani karibu gramu 425, sawa na kopo moja, na kikabaki kidogo cha kumpa mtoto wa jirani ambaye ana miezi minane.

Baadaye nilisoma kuwa kitabu cha mapishi cha Amelia Simmons, kilichochapishwa Marekani mwaka 1796, nacho kinaagiza boga lipikwe kisha lichujwe. Ningekisoma mapema ningeokoa mayai mawili.

Ganda, tui na sukari

Ganda ndilo lililomshinda mama kuamini. Tulichukua unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, chumvi nusu kijiko cha chai, na siagi baridi gramu 115, iliyotoka kwenye friji wakati huohuo. Unaikatakata siagi ndani ya unga, unaifikicha kwa ncha za vidole mpaka inakuwa kama makombo ya mkate, kisha unaongeza maji ya baridi kijiko kimoja kimoja cha chakula, vinne au vitano, mpaka unga ushikane. Basi, unaishia hapo. Mama alikuwa ameshakunja mikono aanze kukanda kama wa chapati, tukamzuia. Unga huu ukikandwa unakuwa mgumu, na siagi ikiyeyuka kwa joto la mikono ganda halikatiki vizuri mdomoni. Ufunge, uuweke kwenye friji nusu saa, ndipo usukume kwa mpini wa chapati na kuutandaza kwenye chombo cha kuokea chenye upana wa kama sentimita 23.

Kabla ya kumimina boga, oka ganda peke yake dakika 15, ukiwa umelifunika kwa karatasi ya kuokea na kumwaga maharage makavu juu yake yasiruhusu unga kuumuka. Ndiyo dawa ya ganda lililolowa. Maharage hayo hayataiva tena vizuri, yatunze kwenye kopo kwa ajili ya pai nyingine.

Maelekezo ya lebo yanataka maziwa mazito ya kopo. Dada alikuwa tayari kutuma mtu dukani.

"Boga na maziwa ya kopo?" mama akasema. "Kwani nazi zimekwisha mjini?"

Akakaa kwenye mbuzi, akakuna nazi mbili, akakamua tui la kwanza kikombe kimoja na nusu. Nakiri sikuwa na imani, lakini tui lilishikana na mayai kama maziwa, na mafuta yake yana kazi nyingine ambayo nitaieleza.

Kwenye sukari tulibishana. Lebo inataka robo tatu ya kikombe, karibu gramu 150. Ukiikata pai vipande vinane, kila kipande kinabeba gramu 19, sawa na karibu vijiko vitano vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtoto wa miaka sita anayekula kawaida, hiyo asilimia 5 ni gramu 17 hivi. Kipande kimoja tu kingekuwa kimeipita, kabla hujahesabu juisi ya boksi. Tulipunguza sukari ikawa nusu ya kile kiasi. Boga letu lilikuwa la unga na tamu lenyewe, na hakuna aliyelalamika. Kama boga lako limepooza, ongeza kijiko kimoja au viwili, usirudi kwenye gramu 150.

Viungo ni mdalasini wa unga kijiko kimoja cha chai, tangawizi ya unga nusu kijiko, karafuu ya unga robo kijiko na chumvi robo kijiko. Mama alinusa bakuli akasema, "Si chai hii?" Hakukosea. Harufu ambayo Wamarekani wanaiita ya boga haitoki kwenye boga kabisa, ni harufu ya chai ya viungo ya pwani. Wafanyabiashara wao walifika Zanzibar zamani, mkataba wa biashara na Sayyid Said ulisainiwa mwaka 1833 na mwaka 1837 balozi mdogo wao wa kwanza akafika Unguja. Walileta kitambaa, ndiyo maana bibi zetu walikiita merikani, na miongoni mwa walivyonunua ilikuwamo karafuu.

Piga mayai mawili, changanya na sukari na viungo, tia boga, malizia na tui, mimina kwenye ganda. Kwa oveni, nyuzi 220 kwa dakika 15 za mwanzo, halafu shusha hadi 175 kwa dakika 40 hadi 50. Nyumbani hatuna oveni. Tulitumia sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, chombo cha pai ndani yake, mfuniko wa bati na makaa juu, kama wanavyooka keki mitaani. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, na baada ya robo saa ya kwanza punguza yote. Fanyia kazi hiyo nje au mahali penye upepo. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu, na jiko linalowaka kwa saa nzima kwenye chumba kilichofungwa linaweza kuua waliolala humo.

Pai imeiva pale kisu kikichomwa karibu na ukingo kinatoka kisafi, huku katikati pakitikisika kidogo tu kama maziwa yaliyoganda. Iache ipoe saa mbili. Nasisitiza hapa kwa sababu tulikuwa na watu watano waliosimama na sahani mkononi.

Alikula, lakini si dawa

Mtoto alikula kipande chote. Ganda aliliacha, ndani akakwangua. Mama alikaa mbali akijifanya anachambua mchele.

Hapa lazima niseme ukweli ambao ungeweza kuharibu hadithi. Pai haikumponya choo kigumu. Boga lililochemshwa lina nyuzi kama gramu moja tu katika kila gramu 100, na ganda la unga mweupe na siagi halisaidii kitu. Kilichomsaidia ni maji aliyokunywa siku nzima badala ya juisi, papai la asubuhi, na chipsi kuondolewa mezani kimyakimya. Siku ya pili alipata choo. Mzazi, ikiwa mtoto amekaa na tatizo hilo wiki mbili, au tumbo limevimba, anatapika, anatoa damu au anapungua uzito, mpeleke kituo cha afya, usimtafutie pai wala dawa ya kuharisha dukani.

Boga lina sifa yake nyingine, nayo ni kubwa. Ile rangi aliyoiona mbaya ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayohitajika kwa macho na kwa kinga ya mwili. Upungufu wake unaweza kumpofusha mtoto, ndiyo sababu nchini watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Matone hayo yasirukwe kwa kuwa mnakula boga nyumbani. Ila boga, viazi lishe, karoti na majani ya maboga yenyewe ndiyo yanayojaza siku zilizobaki za mwaka. Na beta-karotini huhitaji mafuta ili mwili uinyonye. Boga lililochemshwa kwa maji matupu linapoteza sehemu ya faida yake njiani, wakati kijiko cha mafuta au tui kinatosha. Bibi zetu waliotia nazi hawakuwa wanafuata ladha peke yake, au pengine walifuata ladha na mwili ukafaidi.

Mama wengine hunipigia simu wakiwa na hofu kuwa mtoto anayekula boga na karoti kila siku amegeuka njano viganjani na kwenye pua. Mtazame macho. Sehemu nyeupe ya jicho ikiwa bado nyeupe, mara nyingi ni karotini tu, haina madhara na itaisha mkibadilisha mboga. Jicho likiwa la njano, hiyo ni manjano, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mtoto aliyefikisha miezi sita, toa sehemu yake ya boga kabla sukari haijaingia, liponde na tui kidogo, inatosha. Chini ya miaka miwili hahitaji sukari yoyote ya kuongeza, na asali isitumike kabisa kabla ya mwaka mmoja. Mbegu zioshe, zikaushe na kuzikaanga, lakini kwa watoto wadogo zisagwe, kwani nzima huweza kuwapalia.

Na pai, kwa kuwa ina mayai na tui, isilale juu ya meza. Ndani ya saa mbili iingie friji, na siku ya joto la Dar es Salaam ndani ya saa moja. Itakaa siku tatu. Yetu haikufika siku ya pili.

Wiki iliyofuata mama alipika tena boga, safari hii bila ganda, bila mayai na bila sukari: boga lililokaushwa, tui zito, mdalasini, ametia kwenye vikombe vya chai na kuvipoza. Mtoto aliuliza ganda liko wapi.

"Limebaki Ohio," mama akamjibu.

Akala. Siku tatu baadaye alikula lile la vipande, lile la kwanza kabisa, akiwa amesimama jikoni na kijiko cha bibi yake. Kama rangi ilikuwa bado mbaya, hakusema.

Walisharudi. Juzi dada ametuma picha ya boga la kahawia lenye shingo alilolipata dukani kwao, akimuuliza mama kama linafaa. Mama alilikuza kwenye simu akaliangalia kikonyo, kisha akamjibu kwa sauti: linaonekana la unga, lakini akaliinue kwanza, na kitambaa cha kuchujia akifue kwa maji ya moto bila sabuni yenye harufu.